Pikapu Iliyofika

Watu wa huku kwetu hawaniiti kwa jina la mwanangu wala la mume wangu. Wananiita Pua, na hawaniiti hivyo kwa mapenzi. Kila asubuhi wanawake wa mlima mzima wanaleta ndoo zao za maziwa vituoni, na kabla tone halijaingia kwenye mitungi ya alumini, mimi nafunua kifuniko, nainama, nanusa. Yakiwa mazima nasema mimina. Yakiwa na harufu ya kitunguu, ya moshi, ya sabuni, au ya mbuzi dume aliyelala karibu, nasema rudi nayo. Sibembelezwi. Ningekuwa na roho laini tungekuwa tumeshafukuzwa kiwandani zamani.

Basi mjue tangu mwanzo kwamba mimi ni mtu wa kinyaa. Nimezaliwa nacho. Mtu akicheua karibu yangu, chakula kinanishinda. Mume wangu, ambaye kazi yake iko mbali na huja nyumbani mwisho wa mwezi, huoga mara mbili kabla ya kunisogelea, na mara ya pili huoga kwa hofu. Lakini siku hii ninayoisimulia ilinipa kinyaa cha kunitosha mpaka kaburini, na sehemu kubwa ya kinyaa hicho haikupitia puani.

Tulikuwa na pikapu ya zamani tuliyoiita Ajuza. Baba mkwe aliinunua ikiwa tayari imezeeka, akafa akaiacha mikononi mwa mwanawe mdogo, yaani shemeji yangu, ambaye ndiye dereva wetu wa maziwa. Msidhani nawaletea sifa za vya kale. Ajuza ilikuwa chafu. Ilifuka moshi kama jiko la kuni mbichi. Tundu la tangi lake la dizeli lilizibwa kwa kipande cha sabuni ya mche, na mlango wa upande wangu ulifungwa kwa kamba, ile kamba ya kufungia ndama. Nilikuwa nikifika kiwandani nguo zinanuka dizeli mpaka mfukoni.

Ila ugonjwa wake tuliujua. Ikikohoa hivi, ni chujio. Ikilia vile, ni mkanda. Hakuna mwanamke mlimani ambaye hakuwahi kufunga kanga kiunoni akaisukuma kwenye mteremko mpaka ikakubali. Zimwi likujualo halikuli likakwisha, na sisi Ajuza ilitula kidogokidogo miaka yote bila kutumaliza.

Msimu huo ikazidisha. Mara ya kwanza rejeta ilipasuka njiani, mara ya pili klachi ikakatika, na mara zote mbili maziwa yalifika yamechacha, kiwanda kikayakataa. Wakatuambia kwa ustaarabu kwamba mzigo wetu ukikataliwa tena, nafasi yetu getini watapewa wenzetu wa ng'ambo ya mto, ambao wamekaa siku zote wamefungua midomo wakiisubiri. Hakuna mnunuzi mwingine huku. Bila lile geti, mlima mzima ungebaki na ng'ombe wa kuchunga na maziwa ya kumwagia paka. Nyumba nyingi za huku husimama kwa ile ndoo ya asubuhi, pamoja na nyumba za wajane wasio na kitu kingine. Hilo sote tulilijua, na ndiyo maana shemeji aliposema Ajuza imemfika shingoni, hakuna aliyembishia.

Akaiuza kwa Bwana Samadi. Huyu ni mtu mnene, mcheshi, anayezoa mavi ya kuku kwenye mabanda makubwa ya bondeni na kuwapelekea wenye mashamba. Shemeji akahangaika kwa njia zake anazozijua mwenyewe, akarudi na pikapu mpya, nyeupe, ndefu, yenye kioo kinachong'aa katikati ya dashibodi kama redio ya tajiri. Tukaiita Bibi Harusi.

Kipya kinyemi, ingawa kidonda. Shemeji alikataa katakata kuondoa nailoni kwenye viti. Alisema ikitoka nailoni, gari limeshakuwa la zamani. Kwa hiyo nilisafiri kila asubuhi nimekalia nailoni, mapaja yakitoka jasho, na nikishuka ngozi inabanduka kwa mlio kama plasta ya kidonda. Juu ya hayo alitundika kwenye kioo cha kutazamia nyuma kimti cha karatasi chenye marashi, harufu ya ndizi mbivu iliyochanganyika na dawa ya choo. Nilikichomoa siku hiyohiyo nikakitupa kwenye mtaro. Maziwa hunywa kila harufu inayopita, nikamwambia, na mimi siendi kuuza maziwa ya ndizi. Akasema wanawake hatujui ustaarabu. Akanuna mpaka jioni.

Nisimwonee. Wiki za kwanza Bibi Harusi ilikwenda kama maji. Ilipanda mlima bila kulalamika, tukafika getini baridi ya asubuhi ikiwa bado kwenye mitungi. Nilikosa la kusema, na mimi nikikosa la kusema huwa naumwa.

Kisha nikaanza kusikia harufu. Kwenye ubavu wa gari, pale penye mdomo wa dizeli, pana mdomo mwingine mdogo wenye kifuniko cha bluu, na hapo palikuwa pananuka mkojo. Si sana, ila mkojo ni mkojo. Nikamuuliza shemeji kwa nini bibi harusi wake amejikojolea. Akacheka, akasema pua yangu sasa imeanza kuota ndoto. Siku mbili tatu baadaye nikaona kipande cha plasta nyeupe kimebandikwa kwenye kona ya kile kioo cha dashibodi. Nikauliza hicho nacho ni nini. Akasema kuna kijitaa kinamsumbua macho.

Nilipaswa kumkaba koo palepale. Lakini gari lilikuwa linakwenda.

Sasa niwaeleze jambo moja la kazi yetu. Kituoni, wakati wa kumimina, injini inazimwa. Hiyo ni amri yangu, nimeiandika mwenyewe kwa rangi kwenye mbao za vituo vyote, kwa sababu moshi wa gari ukipita juu ya mtungi ulio wazi, maziwa yanaubeba mpaka kwenye kikombe cha mtu. Enzi za Ajuza tuliegesha kwenye mteremko, tukazima, tukamimina, tukasukuma. Shemeji amelelewa kwenye amri hiyo. Hata usingizini angezima.

Asubuhi hiyo tukapita vituo vyote, tukazima na kuwasha, tukazima na kuwasha. Kituo cha mwisho ni cha kwetu nyumbani, pembeni ya kinu cha kusaga nafaka. Wanawake walikuwa wamepanga foleni, na wa mbele kabisa alikuwa mama mkwe. Ni mtu wa maneno machache, mwenye ng'ombe mmoja mweusi anayempenda kuliko wakwe zake wote. Akaweka ndoo. Nikafunua, nikainama. Sabuni. Si sabuni ya kufulia, ile ya kuogea, ya waridi.

"Rudi nayo, mama," nikamwambia.

 Mwanamke mmoja nyuma akaguna ile miguno inayosikika makusudi.  Mama mkwe akafunika ndoo yake, akaichukua, akasimama pembeni kwenye ukuta wa kinu na ndoo miguuni, mbele ya majirani aliowazidi umri wote. Hakuondoka. Nadhani alitaka nimwone.

Tukamaliza kumimina. Shemeji akaingia, akabonyeza kitufe. Kioo kikawaka, kikatoa mlio mmoja wa adabu, na injini haikuwaka. Akabonyeza tena. Mlio uleule, kama mhudumu wa benki anayekwambia urudi kesho.

Nikabandua ile plasta. Chini yake palikuwa na kijitaa cha njano na maneno ya kigeni ambayo hata asiyeijua lugha angeyaelewa kwa namna yalivyokuwa yanamemeta. Shemeji akaanza kutoka jasho. Wanawake, kwa mazoea ya Ajuza, wakafunga kanga viunoni bila hata kuambiwa, wakaenda nyuma, wakasukuma. Walisukuma mpaka mteremko ukaisha. Gari la otomatiki unaweza kulisukuma mpaka mji mwingine, litakuwa tu limehama.

Akampigia simu fundi wa mjini, fundi wa hayo magari ya vioo. Nilisimama karibu nikasikia yote. Fundi aliuliza swali moja tu, kwamba kwenye kile kifuniko cha bluu alikuwa anatia nini. Shemeji akasogea mbali nami. Nikamfuata.

Siri ikatoka. Muuzaji alimweleza kwamba gari hili lina dawa yake ya kusafisha moshi, inatiwa kwenye mdomo wa bluu, na ni lazima inunuliwe ile yenyewe ya kwenye dumu. Shemeji akauliza dawa hiyo ni nini. Akaambiwa ni urea na maji. Urea! Sisi tunayo stoo, gunia zima, tunakuzia mahindi. Mtu akanunue maji ya mbolea mjini ana wazimu? Akakoroga kwenye ndoo ya kunyweshea ndama, akachuja kwa kitambaa cha maziwa, akamimina. Gari likanywa, likaanza kuhesabu kurudi nyuma, likimwonya kwamba likizimwa baada ya hesabu kuisha halitawaka tena. Yeye akaona hesabu inapungua, akaenda kuitafutia plasta.

Fundi akasema gari halina kosa. Limefanya kama lilivyoagizwa. Atakuja kesho na kompyuta yake, afumue na mabomba yaliyoganda chumvi, na leo hakuna ujanja.

"Umemnywesha bibi harusi mbolea ya mahindi," nikamwambia shemeji.

"Si ni urea ileile, shemeji?"

"Na kitambaa changu cha kuchujia ukakirudisha wapi?"

Akaanza kuipangusa boneti. Nikaelewa kwamba alikirudisha kwenye msumari wake.  Jambo la kwanza nililofanya ni kunusa kile kitambaa na mitungi yote upya, mmoja baada ya mwingine. Kitambaa kilikuwa kimefuliwa, tena kimefuliwa vizuri. Mungu humwangalia mjinga.

Jua likapanda. Mitungi ilikuwa imepangwa nyuma ya gari jeupe linalopata moto kama kikaango, na wanawake wakaanza kuangaliana. Hakuna aliyetamka habari ya geti. Mjane mmoja aliyekuwa ameuza hata mbuzi wake ili abaki na ng'ombe tu alikaa chini kwenye vumbi, akavua viatu, akawa anaviangalia. Shemeji alipiga simu kwa kila mwenye gari aliyemjua. Mmoja yuko harusini, mwingine yuko gereji, wa tatu hakupokea.

Kabla ya kuiona niliinusa. Kisha nikasikia ule mlio wa mkanda, halafu Ajuza ikachomoza kwenye kona, imeinamia upande mmoja, moshi nyuma, Bwana Samadi amening'iniza mkono dirishani akiimba. Alikuwa ametoka kushusha mzigo shambani na anarudi bondeni akiwa mtupu. Mtupu kwa maneno yake. Sakafu ya nyuma ilikuwa na samadi ya kuku iliyoshindiliwa na mvua na jua mpaka imekuwa kama saruji, na juu yake manyoya, na juu ya manyoya nzi waliosafiri naye kama familia.

Kila mtu akamtazama yeye, halafu wakanitazama mimi.

Nilikataa. Nilisema maziwa hayapandi humo, hata yakiwa kwenye chupa za dawa. Shemeji akasema mitungi ina vifuniko. Nikasema vifuniko vinapumua, barabara ni mbovu, maziwa yanaruka, yakiruka yanavuta hewa. Bwana Samadi, kwa wema wake wote, akasema yeye hula chakula chake humohumo ndani na hajawahi kuumwa tumbo. Hapo nikageuka upande.

Yule mjane ndiye aliyeamua. Hakuniomba. Alivaa viatu vyake, akaenda kinuni, akarudi na ndoo ya maji na ufagio, akapanda nyuma ya Ajuza akaanza kusugua. Wenzake wakapanda. Wakakwangua kwa majembe, wakamwaga maji yote yaliyokuwapo kinuni, wakatandika turubai jipya la Bibi Harusi ambalo bado lilikuwa na mikunjo ya dukani, wakaipanga mitungi juu yake na kuifunga vifuniko kwa kamba na vitambaa. Ningefanya nini? Nikapanda mbele, katikati ya wanaume wawili.

Safari ile siwezi kuieleza yote bila kusimama kidogo. Kiti kilikuwa kimechanika na ndani ya tundu mlikuwa na mayai mawili yaliyopasuka siku nyingi. Kitambaa changu cha kichwa, nilichowahi kuzibia dirisha wakati wa mvua, kilikuwa palepale, kimebadilika rangi, kina unyoya. Bwana Samadi alikuwa na jasho lake na shemeji alikuwa na jasho la hofu, ambalo ni baya zaidi. Nilifunga pua kwa kanga nikawa napumulia mdomo, mpaka nikagundua kwamba harufu ile inaonjeka pia.

Lakini Ajuza ilikwenda. Nawaambia ukweli, ilikwenda. Kwenye mlima wa mwisho ikachemka, Bwana Samadi akashuka, akafungua kifuniko kwa kitambaa, akatia maji ya kunywa, akaipiga kofi kwenye boneti, ikawaka kwa mara moja. Shemeji alikuwa anaisikiliza ile injini huku ameuma mdomo. Nilimwona mkono wake ukienda wenyewe kutafuta gia kila mlima ulipoanza.

Tukafika getini kabla hawajafunga. Walinzi walirudi nyuma walipotuona, mmoja akafunika pua, lakini zamu yetu ilikuwa bado ipo.

Pale getini hupima binti mmoja mpole, mwenye barakoa na glavu, na siku hizi wamempa kimashine kipya kinachovuta maziwa kwa mrija na kukutolea majibu: mafuta, maji, uchachu. Akapima mtungi wa kwanza, wa pili, akaendelea hivyo mpaka wa mwisho. Akaongezea spiriti kwenye vikombe vidogo kuona kama yataganda. Hayakuganda. Hayakuwa yamechacha hata kidogo, maana tulikuwa tumewahi.

"Mama, maziwa mazuri leo," akaniambia. "Shusheni."

Shemeji alitoa pumzi niliyoisikia mpaka kwenye nywele. Bwana Samadi akampigapiga mgongoni, akasema si nilikwambia, ajuza hazeeki miguu. Wakaanza kufungua nyuma.

Mimi nikachota kikombe kimoja. Pale uani palikuwa hapanusiki kitu zaidi ya gari, kwa hiyo nikaenda nacho nyuma ya ukuta, upande upepo unakotokea, mbali na kila kitu. Nikanusa. Nikataka harufu ya kuku isiwepo. Nikavuta tena polepole. Ilikuwapo, chini kabisa, nyembamba, chungu kidogo, ile harufu inayokuja mwisho baada ya utamu wa maziwa. Nikatia ulimini. Nikatema, nikatema tena, nikafuta ulimi kwa ncha ya kanga.

Nilipogeuka shemeji alikuwa amesimama hapo.

"Mashine imesema ni mazuri," akasema.

"Mashine haina pua."

"Shemeji, nakuomba. Ukisema, tumekwisha. Mlima wote. Kule ndani yanachemshwa, kila mdudu anakufa."

"Mdudu anakufa. Mavi yanabaki mavi, ila yamechemshwa."

Akaanza kulia, mtu mzima. Sikumchukia wakati ule. Nilimwonea kinyaa, ambacho ni kitu kingine: plasta yake, nailoni yake, gunia lake la ujanja, na sasa machozi haya, ambayo kama yangetoka wiki moja kabla yangetosha kununulia dumu la dawa. Halafu nikajiona na mimi, nimesimama nyuma ya ukuta na kikombe kama mwizi, napiga hesabu ya nani atajua. Nikamkumbuka mama mkwe pale ukutani na ndoo yake. Yake ilinukia waridi tu.

Msiniletee habari za ushujaa. Wakati ule sikufikiria haki wala dhambi. Niliona kikombe, mtoto wa mtu yeyote amekishika kwa mikono miwili, anakunywa, anafuta mdomo. Tumbo langu likakataa. Basi.

Nikarudi kwa yule binti. "Vua barakoa," nikamwambia, nikampa kikombe.

Alichukua muda. Pua yake haijafundishwa. Kisha uso wake ukabadilika, akanitazama kwa mshangao, akaenda kumwita msimamizi. Msimamizi akaja, akanusa, akaliangalia gari letu, akawaangalia nzi. Alisema katika kazi yake hajawahi kuona mwenye mali akiikataa mali yake mwenyewe. Alilisema kwa heshima. Akasema pia kwamba utaratibu ni utaratibu na hii ni mara ya tatu, akampigia simu mkubwa wa kikundi cha ng'ambo ya mto tukiwa tumesimama palepale.

Tuliyamwaga wenyewe kwenye mtaro wa kiwanda. Mtungi ukiinamishwa maziwa hutoka kwa kusitasita, kisha yote kwa pamoja. Mtaro ukawa mweupe, nzi wakashuka. Shemeji aliinamisha mitungi mingi kuliko sisi, na hakutaka kusaidiwa.

Tulirudi mpaka tukaufikia mlima wetu.

"Ajuza ilifika," shemeji akasema, kama anayejisemea.

"Kufika ilifika," nikamjibu.

Wanawake walikuwa wanatungoja kando ya Bibi Harusi, na habari ilikuwa imeshatangulia kwa simu. Sitayarudia yote niliyoambiwa. Mmoja aliuliza kama pua yangu itawalisha watoto wake. Mwingine akasema niichemshe niile jioni na familia yangu. Yule mjane alikuwa amevua viatu vyake tena, na huyo ndiye niliyeshindwa kumtazama. Mama mkwe alikuwa amekaa kwenye bampa la gari jipya, ametulia, kama mtu anayengoja basi. Nilipita mbele yake nikasalimia. Akaitikia tu.

Usiku huo nilisugua mwili mpaka ngozi ikawaka, na bado nilinuka kuku.

Asubuhi nikaamka kwa mazoea. Hakukuwa na pa kwenda. Bibi Harusi ilikuwa palepale, umande juu ya boneti yake, ikimngoja fundi na kompyuta. Nikaenda kituoni hivyohivyo, nikakaa kwenye benchi chini ya ubao wangu wa kuzima injini. Barabara ilikuwa tupu. Niliwasikia wanawake wakikamua huko majumbani, hakuna hata mmoja aliyetoka. Nikawaza kwamba huenda ni kweli, huenda mimi ni mtu mwenye ugonjwa tu, na nimewaambukiza wote hasara yake.

Nikasikia mpini wa ndoo unalia. Mama mkwe alikuwa anakuja taratibu kutoka kwake, anapumzika, anakuja. Akaiweka miguuni pangu.

"Mama," nikamwambia, "gari hakuna. Geti hakuna."

"Sikukuuliza gari," akasema. Akafunua kifuniko mwenyewe. "Nusa."

Nikainama. Nilitamani kwa moyo wangu wote yawe mazima. Nikavuta polepole, nikavuta tena, yeye akiningojea ameshika kiuno.

"Waridi, mama."

"Bado?"

"Kidogo sana. Ila ipo."

Akaiangalia ile ndoo kama mtoto mkaidi. Akafunika.

"Nilisugua kwa majivu," akasema. "Basi leo nitaichemshia maji."

Akainyanyua, akarudi nayo njia aliyokuja nayo, akipumzika palepale alipopumzika mwanzo. Alipofika kwenye kona akageuka, akapaza sauti niisikie.

"Na kesho uwepo."

Nikabaki nimekaa kwenye benchi.

"Nitakuwepo," nikamjibu, ingawa alikuwa ameshapita kona.